Kaburi la Daraja la Tatu

Mimi ni Mbena, na Wabena ni watani wa Wangoni, kwa hiyo msiba wa Mngoni kwangu ni ruhusa ya kufanya uhuni. Nasema mapema ili asiyejua mambo yetu asije akaniona mwendawazimu. Siku tulipomzika Pankrasi, mwenye kilabu cha pombe ya komoni pale Ruhuwiko, niliingia kaburini mara mbili kabla yeye mwenyewe hajaingia. Mara ya kwanza nilidai kuku, na nikakataa kutoka mpaka aletwe. Mara ya pili nilidai kuku mwingine aliyenona, maana yule wa kwanza alikuwa amekonda kuliko marehemu. Mjane wake, mama Kunegunda, alicheka huku kamasi zikimtoka. Ndiyo kazi ya mtani, kuwafanya waliofiwa wapumue kidogo.

Ilikuwa mwaka 1995. Nilikuwa nafundisha bayolojia katika sekondari moja mjini Songea, nimehamishwa kutoka Njombe bila kuulizwa. Wanafunzi walikuwa wananiita Mwalimu Edna mbele yangu, na nyuma yangu Mdomo. Sikuwahi kuwaadhibu kwa hilo, maana kosa lilikuwa dogo na ukweli ulikuwa mkubwa.

Sasa, udongo wa Pankrasi haujakauka, wadogo zake wawili wakaanza kuvutana pale pale makaburini kuhusu mabati ya kilabu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni juu ya kaburi la jirani, nimechoka kwa kelele zangu mwenyewe. Kaburi hilo lilikuwa limejaa yale maua ya pinki yenye petali tano ambayo Songea nzima inayaita maua ya makaburini. Nikachuma moja nikasimama.

"Wangoni, hamna akili hata kidogo!" nikapaza sauti. "Dawa ya saratani mmeipanda juu ya maiti! Wazima mnawaacha waoze, waliooza mnawapa tiba!"

Watu wakaangua kicheko. "Ongeza, mtani!" wakasema.

Mtu kama mimi hahitaji kuambiwa aongeze. Nikawaambia kwamba mmea ule ule ndio wazungu wanaukamua wapate sindano ya saratani. Nikawaeleza na namna inavyofanya kazi, kwa sababu hata nikiwa kaburini mimi ni mwalimu. "Seli ikitaka kugawanyika iwe mbili, inasuka vikamba. Upande huu unavuta urithi wake, upande ule unavuta urithi wake. Kama hawa wadogo zake Pankrasi na mabati! Seli ya saratani yenyewe haichoki kugawana, kutwa kucha inagawana. Sasa dawa inaingia, inazuia vikamba visisukike. Hakuna wa kuvuta, hakuna wa kupata, wanakufa wote na mabati yanabaki juu ya nyumba!"

Hata wale wadogo zake marehemu walicheka. Kila nilichosema siku ile kilikuwa kweli, na naweza kukiandika ubaoni mbele ya mkaguzi. Nilichokiacha ndicho kilichotaka kumuua mtoto.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa mzee Hironimus, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Miaka thelathini alikuwa klasifaya wa tumbaku huko Namtumbo. Mkulima akileta robota lake, ule mzigo wa majani uliofungwa, Hironimus analifungua, anapapasa jani, analinusa, analinyoosha kwenye mwanga, kisha anatamka daraja, na akishatamka hata padri habishi. Kisha soko likafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakanunua jani zuri na jani bovu kwa mkupuo mmoja, na mtu wa kunusa hakuhitajika tena. Walimpa cheti na saa ya ukutani, wakamrudisha nyumbani na pua yake.

Aliishi na mjukuu wake, Renatha, mtoto wa miaka minane mwenye maneno kunizidi. Mama yake, Natalia, alikuwa anafanya biashara ya dagaa Mbamba Bay, na alikuja mara moja kwa mwezi barabara ikipitika. Mwanzoni mwa mwaka ule taya la Renatha lilivimba. Wakasema ni jino, wakang'oa. Likazidi, wakang'oa la pili. Jicho lilipoanza kufumba ndipo wakampeleka hospitali ya misheni, na Sista Ludovika, mtawa ambaye ni daktari, akakata kipande akapima. Ilikuwa saratani ya tezi, ile inayopenda mataya ya watoto. Akasema huo uvimbe unakua haraka kuliko zote, na unakimbia haraka kuliko zote ukipigwa. Mtoto achomwe sindano sita, moja kila baada ya wiki mbili, na asiruke hata moja.

Kweli, baada ya sindano ya kwanza taya lilirudi mahali pake ndani ya wiki moja. Baada ya pili nywele zikapukutika zote, maana zile dawa hazichagui, chochote kinachogawanyika haraka kinakiona cha moto. Kwetu mtoto mwenye kichwa cheupe ni mtoto aliyefiwa. Watu walipomuuliza amenyolewa msiba wa nani, Renatha alijibu, "Wa meno yangu mawili. Yalikufa bila kosa."

Kwa hiyo siku ya kumzika Pankrasi mtoto alikuwa na sindano mbili mwilini, bado nne.

Wiki ile ile nikamkuta Hironimus makaburini na kapu.

"Shikamoo, mzee. Umeanza kujitafutia nafasi?"

"Marahaba, mtani." Hakuinua hata kichwa. Alikuwa anapapasa jani la lile ua kati ya vidole viwili, amefumba macho. "Hili zuri. Hili limeshiba."

Nyuma ya nyumba yake akajenga bani kadogo, ka kukaushia majani kwa moshi, kama ya tumbaku ila unaingia kwa kupiga magoti. Alichuma, akatundika, akawasha kuni mbichi, akageuza, akanusa. Kisha akafanya kile ambacho mwili wake ulikuwa umekililia tangu astaafishwe. Akachambua madaraja, kaburi kwa kaburi.

Kaburi la katekista Polikarp lilipata daraja la kwanza, majani mapana, mishipa imenyooka. La fundi cherehani mmoja likapata la pili. La mama mzazi wa Pankrasi, bibi aliyesumbua ukoo mzima kwa miaka themanini, likapata la tatu. Habari zikaenea Ruhuwiko kabla ya jua kuzama. Mama Kunegunda, aliposikia kaburi la mama mkwe wake limeangukia daraja la tatu, alileta ugali na kuku kwa Hironimus akisema ni shukrani tu, hana sababu. Wadogo zake Pankrasi wao walikuja na fimbo.

"Mama yetu daraja la tatu?" akauliza mkubwa. "Wewe mzee unamjua mama yetu?"

"Namjua," akasema Hironimus. "Lakini mimi nimepima jani."

"Pima tena!"

"Jani halina undugu. Lina madoa, na kikonyo kimelegea. Mkitaka rufaa, nendeni mkapalilie."

Na wakaenda kupalilia, naapa. Jumamosi ile makaburi ya Ruhuwiko yalifagiliwa kuliko kanisa. Mimi nilishika uzio nisianguke kwa kucheka. Niliwasimulia walimu wenzangu ofisini, nikaigiza sauti na vidole. Niliona ni mzee aliyenyimwa kazi, sasa amejipa nyingine. Mimi, mwenye kuuliza maswali kwa mshahara, sikuuliza nani anakunywa.

Jumanne ya sindano ya tatu ikafika. Saa nne asubuhi nilirudi nyumbani kuchukua madaftari niliyoyasahau, nikamwona Renatha anacheza rede uani. Alitakiwa kuwa njiani kwenda hospitali tangu alfajiri.

"Leo si siku yako?"

"Babu amesema sindano haina haja. Nakunywa." Akachukua kikombe cha bati kibarazani akanionyesha. Kilinuka moshi. "Amesema ni ile ile, ila hii haitoboi. Hii ni ya katekista. Chungu! Nadhani katekista alikuwa na roho mbaya."

Nikapiga magoti nikamshika chini ya sikio. Kulikuwa na kitu kigumu, kidogo, cha ukubwa wa punje ya karanga. Niliogopa. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nikajua wazi kabisa kwamba mdomo uliofanya haya ni wangu.

Nikaingia kwa Hironimus bila hodi. Nikamwambia mtoto arudi hospitali leo hii, uvimbe umeanza tena. Majani ya kuchemsha si sindano, nikamwambia, yanaweza kumdhuru, na yale ya msibani yalikuwa utani.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. Akacheka mpaka akavua kofia.

"Mtani wangu, wewe umezidi! Unanipa dawa mbele ya umma, nikiipata inafanya kazi, unakuja kuninyang'anya!"

"Sitanii, mzee."

"Ndivyo mlivyo Wabena. Uso mkavu kama gogo."

Nikalia. Nililia kweli, kwa machozi. Akaita majirani waje waone. "Hata kulia anajua!" akasema, na mama Kunegunda akanipigia makofi. Miaka minne nilikuwa nimewachekesha watu hawa kwenye kila msiba, na sasa nikisema neno moja la kweli linapokelewa kwa makofi. Jumatano nilirudi, wakacheka. Alhamisi nilimtuma katekista mpya, naye akarudi anatabasamu, akaniambia mzee amemweleza kila kitu. Ijumaa kile kitu cha punje ya karanga kilikuwa cha ukubwa wa limau, na Hironimus akaongeza dozi.

Jumapili nikaamua kwamba kama wananitaka mtani, watampata.

Mtani ana haki moja ambayo polisi hawana. Anaweza kuingia nyumbani kwako mchana kweupe, mbele ya wageni wako, akachukua kitu chako akaenda nacho, na wewe hupaswi kukasirika. Utamfuata baadaye na kuku au pombe, ukomboe. Nilisubiri watu watoke misa ya pili. Kwa Hironimus walikuwa wamejaa uani, wanaume wanakunywa, wanawake wanapika. Nikaingia na kanga mbili, nikamnyanyua Renatha, nikamfunga mgongoni na miguu yake mirefu inaning'inia.

"Wangoni, mmetekwa!" nikapiga yowe. "Hiki kitoto mali yangu mpaka nikombolewe! Nataka jogoo, nataka na msamaha wa babu zenu walioiba ng'ombe wetu!"

Vigelegele vikalipuka. "Mpeleke Njombe akale viazi!" akasema Hironimus, mkono juu, anacheka. "Utamrudisha mwenyewe kesho, huyo anakula!" Wanaume waliokuwa mlangoni wakanipisha. Ningesema nampeleka hospitali, wale wale wangenizuia.

Nilipofika barabarani nikaanza kukimbia. Nilimbeba mtoto wa miaka minane mpaka kwenye pikapu ya misheni, na dereva alipoona ninavyohema akaondoka bila kungoja abiria wajae.

"Mwalimu," Renatha akasema shingoni kwangu, "unalia au unatania?"

"Vyote."

"Basi lia polepole, unanitikisa."

Sista Ludovika alimshika taya, akanitazama. "Nani kawaambia habari za majani?"

"Mimi."

"Unafundisha nini?"

"Bayolojia."

Akamgeukia mtoto. Alipima damu. Akasema chai ile ilikuwa imeshusha chembe nyeupe za damu kidogo, lakini mtoto angestahimili. Sindano zile mbili zisihesabiwe tena, tunaanza moja mpaka sita. Angechoma asubuhi, ila bila ridhaa ya mlezi hawezi, na Natalia yuko Mbamba Bay, na hata akiweza, nani atamrudisha mtoto mara tano zilizobaki? Mimi nisingeweza kumteka kila baada ya wiki mbili.

Hironimus alifika Jumatatu saa tatu. Kwapani alikuwa na jogoo wa kukomboa, begani mfuko wa majani. Aliuliza kwangu, akauliza stendi, na alipoelekezwa wodini uso ukamgeuka.

"Utani una mpaka, Mwalimu," akasema. Hakuniita mtani. "Naondoka na mtoto wangu."

"Mzee, shikamoo," akasema Sista. "Nasikia umekausha mwenyewe. Naomba nione."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwomba Hironimus kuona jani kwa miaka miwili. Akaweka jogoo chini, akafungua mfuko. Sista akachukua jani, akalinusa.

"Kazi safi," akasema, na hakuwa anamrubuni. "Sasa nikueleze. Ndani ya jani hili kuna vitu zaidi ya sabini. Vingine havina faida. Kimoja kinashusha sukari ya mwili. Vingine vinakula damu. Kinachozuia uvimbe huu kipo, Mwalimu hakusema uongo, lakini ni kidogo mno. Nusu tani ya majani makavu, unapata kama gramu moja. Kuna watu kazi yao ni kukitoa hicho kimoja, kukitenga na vyote vingine, na kukipima. Na kikinywewa hakifiki kwenye uvimbe, lazima kiingie kwenye mshipa."

"Wanakitenga na vingine vyote," akasema Hironimus taratibu.

"Ndiyo."

"Wanachambua."

"Wanachambua, mzee."

Akalichukua jani kutoka mkononi mwa Sista. Mtu huyu aliwahi kulirudisha robota la kaka yake wa tumbo moja kwa sababu ya majani manne, na kaka huyo hakusema naye mpaka alipokufa. Nikajua pa kumgusa, na sikujisikia mjanja hata kidogo.

"Mzee," nikasema, "umempa mtoto robota la wanunuzi binafsi. Zuri na bovu, yote pamoja."

Akaketi kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine bila kuomba. Jogoo akaanza kutembea wodini na hakuna aliyemfukuza.

"Kumbe mimi nilikuwa nachambua makaburi," akasema.

Renatha alikuwa anatutazama, upande mmoja wa uso umejaa, jicho limeanza kufumba. Babu yake akamtazama na nadhani siku ile ndipo alipomwona.

"Sista, atapona?"

"Uvimbe wa kwanza ulikuwa mwepesi. Seli zilizobaki ndizo zile zilizoponea chupuchupu, nazo huwa sugu. Nitapigana nazo. Siwezi kukuahidi."

Akanigeukia. "Mwalimu? Wewe unasemaje?"

Maisha yangu yote nimekuwa na la kusema. "Sijui, baba," nikasema. Sikuwahi kumwita baba.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaenda upande wa pili wa kitanda, akaushika mkono wa mtoto juu ya kiwiko kama Sista alivyomwonyesha, kwa vidole vile vile vya kupapasia majani. Sista akaja na sindano. Renatha akaiona, akaanza kujivuta nyuma. Maneno yote yalikuwa yamemwisha isipokuwa machache.

"Babu," akasema, "mwambie Mwalimu akutukane."

Hironimus alikuwa mtu wa heshima zake. Wodi ilikuwa imejaa watu wa Namtumbo waliomfahamu kwa jina na kwa cheo. Akanitazama akasema, "Nitukane."

Nikamtukana. Nikasema Wangoni mlikimbia vita huko Kusini, mkavuka mito mpaka mkachoka, mkauita uchovu wenu ushujaa. Nikasema mnabanika panya, mnagombania mkia. Nikasema babu yako ana pua ya kunusia tumbaku lakini hainusi soksi zake mwenyewe. Nikasema juu ya miguu yake, juu ya kofia yake, juu ya jogoo wake aliyekuwa anajisaidia chini ya kitanda cha tatu. Wodi ikacheka. Renatha akacheka, kicheko cha upande mmoja, na sindano ikaingia mshipani akiwa bado anacheka, na Hironimus hakulegeza mkono, anatazama ile dawa inavyoshuka mpaka tone la mwisho.

Mimi nikakwama hapo. Nikageuka ukutani nisionekane.

"Endelea, mtani," akasema nyuma yangu. "Bado tano."